Bakuli Moja la Stafeli

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzijuzi tu, alikuwako Ngamiani, Tanga, mwanamke mmoja akiitwa Bi Salha. Bi Salha aliuza jelato. Asiyeijua jelato asione haya, nitamwambia: ni askrimu ya Kitaliano, nzito, laini, isiyotaka haraka. Marehemu mama yake alijifunza kuitengeneza alipokuwa mpishi wa bwana mmoja wa Kitaliano kwenye mashamba ya mkonge. Bwana akarudi kwao, akamwachia chombo chake: ndoo ya mbao, na ndani ya ndoo kopo la bati lenye mpini wa kuzungushia. Kati ya ndoo na kopo unajaza barafu na chumvi ya mawe, ili baridi iwe kali. Ndani ya kopo unatia maziwa, sukari na tunda. Kisha unazungusha, ndiko kuisuka huko, mpaka mkono useme basi. Chumvi nje, utamu ndani. Likumbukeni hilo.

Duka lile lilikuwa na desturi yake. Kila msimu wa stafeli unapofunguka, jelato ya kwanza hutiwa kwenye bakuli la kaure la mama, akapewa mteja mmoja tu. Bakuli hilo halinunuliwi wala haligawanywi. Atakayelila, stafeli ya msimu huo huitwa kwa jina lake, na mji mzima utakuwa ukisema, "Nipe stafeli ya fulani." Watu wa Tanga wanapenda kula, lakini wanapenda zaidi kutajwa.

Mwaka mmoja Bi Salha alishikwa na mafua. Mafua yakaja, mafua yakaenda, yakaenda na ladha yake. Sukari haijui, ndimu haijui, pilipili anaihisi inachoma tu. Akasema moyoni, "Mikono yangu inaijua kazi. Nitasuka kwa mazoea." Hakumwambia mtu. Na balaa haiji peke yake: kopo la bati nalo likatoboka kwenye kiungo cha chini, tundu la kupita sindano. Maji ya chumvi yakawa yanaingia ndani. Jelato ikawa ya chumvi, na mwenyewe hana habari.

Wateja je? Si mnawajua watu wa pwani! Mtu hatii kasoro chakula mbele ya aliyekipika. Mteja alikula kijiko, akameza, akasema, "Mashallah, mikono yako haijambo," akaondoka, asirudi. Akaja mwingine, akameza, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba," akaondoka, asirudi. Wote walikuwa na adabu, na adabu hiyo ikalimaliza duka kuliko matusi.

Akabaki mmoja, Mzee Semboja, mstaafu wa reli. Kila alasiri aliegemeza bakora yake ukutani, akaagiza, akala mpaka mwisho.

"Vipi leo, Mzee wangu?"

"Tamu, mwanangu."

Mzee ana presha, daktari kamkataza chumvi, naye anaila. Kwa ajili yake Bi Salha aliendelea kufungua mlango, akiamini kwamba mambo ni mazuri ila watu tu wameadimika.

Ng'ambo ya barabara alikaa Somoe, muuza barafu za ukwaju. Wateja wa Bi Salha walipotoka na chumvi mdomoni, walivuka kwa Somoe kujisuuza. Kwa hiyo Somoe alijua wiki ileile ya kwanza. Akajua, akanyamaza, akauza.

Basi siku moja ya Ijumaa wakaja wageni kutoka Korogwe. Wana harusi kubwa, wanatafuta mtu wa kuwatengenezea jelato. Bi Salha aliitamani kazi hiyo kama mwenye kiu anavyotamani maji. Kabla hajawapa waonje, akaingia Hizza, fundi baiskeli, mtu ambaye ulimi wake ni msasa. Hizza akaagiza, akatia kijiko mdomoni, akatema chini.

"Bi Salha, hii ni chumvi tupu. Unatulisha maji ya bahari?"

Wageni wakatazamana, wakaaga. Bi Salha akamgeukia Mzee Semboja, na Mzee akainamisha kichwa. Hapo ndipo alipojua. Uchungu wa kutukanwa ulikuwa mdogo, uchungu wa kudanganywa ulikuwa mkubwa. Akafunga duka, akajifungia ndani.

Ndipo Somoe alipovuka barabara.

"Hodi, jirani."

"Sipokei mgeni, Somoe."

"Mimi si mgeni, ni mshindani wako. Fungua."

Akafungua, akalia, akasema yote kuhusu mafua yake. Somoe akaonja maziwa: mazima. Akaonja sukari: nzima. Akajaza kopo maji, akaliinua juu, na maji yakaanza kudondoka chini. Wakalipeleka kopo kwa mtu wa kulehemu, likazibwa. Kisha Somoe akawa ulimi wa mwenzake. Kila asubuhi alisimama pale, "Ongeza sukari. Basi. Kamulia ndimu. Basi." Barafu zake za ukwaju zikakosa muuzaji, na wateja wa Bi Salha wakaanza kurudi mmoja mmoja, na adabu zao zilezile.

Msimu wa stafeli ukafunguka. Bi Salha akasema, "Jirani, leo usinionjee. Hii ya kwanza naisuka peke yangu, nijue kama bado mimi ni mtoto wa mama yangu." Akaisuka peke yake. Akaitia kwenye bakuli la kaure, akatoka nalo mbele ya watu waliojaa, akauliza, "Nani kati yenu alinirudisha hapa?"

Hizza akawa wa kwanza. "Bakuli ni langu. Mji mzima ulikudanganya, mimi peke yangu nikasema kweli. Bila mimi ungesuka chumvi mpaka leo."

Mzee Semboja akacheka kidogo. "Ulisema mbele ya wageni, kijana wangu, na harusi ikaenda zake. Wala hukusema kwa kumpenda, ni vile mdomo wako hauna mlango. Mimi niliila chumvi ile kwa presha yangu hii. Bila mimi ungemkuta nani wa kumwambia hiyo kweli yako? Ungekuta kufuli."

"Haya, Mzee, shikamoo," akasema Somoe, "lakini kila ulipomwambia 'tamu' ulimzidishia kupotea. Huyu alimng'ata, wewe ukampuliza, na kidonda kikabaki palepale. Aliyekitibu ni mimi. Niliacha riziki yangu ikayeyuka, nikajenga ya jirani."

"Na tangu lini ulijua?" Hizza akauliza.

Somoe akamgeukia Bi Salha. "Tangu wiki ya kwanza. Nilijua, na nikauza. Sikatai. Ila nilipovuka, nilivuka kweli."

Bi Salha akawatazama wote watatu. Aliwapenda, na aliwakasirikia, yote mawili kwa pamoja. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Sikilizeni. Ladha yangu haijarudi. Hii niliyoishika sijui kama ni stafeli ya mama au ni aibu nyingine. Atakayelipokea bakuli ndiye atakayeniambia, na atakavyoniambia ndivyo nitakavyoamini. Ikiwa tamu, nitaendelea. Ikiwa si tamu, chombo hiki nakiuza, naacha."

Hizza kanyoosha mkono, Mzee kanyoosha mkono, Somoe kanyoosha mkono. Yule atasema kweli hata ikiua. Yule atasema tamu hata ikiwa shubiri. Yule anajua ladha kuliko wote, na duka likifungwa wateja watavuka barabara kwenda kwake.

Bakuli ni moja, kijiko ni kimoja, na stafeli imeanza kulegea kwenye kingo. Mimi nimemaliza yangu, msinitazame mimi. Nyinyi mlioketi hapo, mnaojua kuhukumu vya wenzenu, haya, mkono wa Bi Salha uende wapi? Semeni upesi, jelato haingoji kikao: je, bakuli lile alistahili nani?