Siku ya Kwanza ya Tusekile

Mtu mmoja wa Rungwe, jina lake Ambakisye, alikuwa na nyumba na shamba, lakini hakuwa na mtoto. Akasikia kwamba Tusekile, binti wa marehemu dada yake, anatumika katika nyumba ya watu mjini, na kwamba hula makombo baada ya kazi kwisha. Akampelekea ujumbe aje akae naye, awe mwanawe.

Kisha akaanza kuandaa. Siku ya kwanza alitoboa madirisha katika chumba kilichokuwa giza totoro, mwanga ukaingia. Siku zilizofuata alitengeneza mifereji ya maji, akapalilia migomba, akatundika taa, akaleta kuku na ng'ombe wa maziwa. Kila jioni alisimama akatazama alichokifanya, akatabasamu. Siku ya sita, alasiri, Tusekile akafika na kifurushi chake.

Asubuhi yake binti aliamka kabla ya majogoo. Akatafuta ufagio, akakuta ua umeshafagiliwa. Akatafuta ndoo, akakuta mitungi imejaa. Moyo ukamwenda mbio, maana kule alikotoka, asiye na kazi hakuwa na sahani. Akamkimbilia mjomba wake barazani.

"Shikamoo, mjomba. Nipe kazi, tafadhali, nisije nikawa mzigo kwako."

"Marahaba, mwanangu. Leo hakuna kazi. Yote niliyamaliza kabla hujafika. Keti, tule."

Tusekile akaketi ukingoni mwa mkeka, tayari kuinuka akiitwa. Hakuitwa. Alipomiminiwa maziwa ya mgando mara ya pili bila kuomba, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, na mjomba naye akacheka hadi majirani wakachungulia. Siku ile nzima walizunguka shambani wawili, mzee akimwonyesha kila kitu na kumwambia, hiki ni chako.

Kesho yake Tusekile alichukua jembe mwenyewe, bila kutumwa. Jasho lilikuwa lilelile la mjini, ila sasa alilima akiimba.

Ndugu zangu, mwanadamu aliumbwa siku ya sita. Siku yake ya kwanza nzima hapa duniani haikuwa ya kulima bustani. Ilikuwa ile ambayo Mungu alipumzika. Kristo naye aliimaliza kazi ya kutuokoa kabla hatujanyoosha hata mkono. Basi wewe, unatumika ili upokelewe, au kwa sababu umeshapokelewa?