Sarafu ya Fisi

Kling. Kimya. Kling tena, juu ya jiwe, na Mama Sungura akazinduka shimoni mwake akawakumbatia watoto, maana kwa kiangazi kile nani alikuwa na nguvu ya kuchezacheza usiku? Akachungulia. Fisi alikuwa akirusha sarafu: kichwa. Akairusha tena: kichwa. Akaigeuza, kichwa huku na kichwa huku, akailamba, akacheka peke yake.

Kisima kilibaki kimoja tu. Simba alikuwa ameamuru kwamba kesho yake timu ya Fisi na timu ya Sungura zicheze ule mpira mrefu kama papai, wa kukimbia nao kifuani, na washindi watangulie kunywa. Ukoo wa Fisi ukitangulia, hata tope halibaki.

Asubuhi uwanja ukajaa. Kasuku akapanda mtini kutangaza. Simba akatikisa manyoya mpaka wote wakamtazama.

"Mgeni anataja upande kabla sarafu haijarushwa. Mshindi anachagua kitu kimoja: kupokea mpira akimbie nao, kuupiga uwaendee wapinzani, goli la kulinda, au kungoja achague kipindi cha pili. Akichagua sasa, kipindi cha pili anachagua mpinzani wake. Sarafu iko wapi?"

"Ninayo, mzee," Fisi akasema upesi mno. "Na mgeni ni mimi. Kichwa."

Ikarushwa. Kichwa.

Mama Sungura akaanza kusema bila kupumua. "Kaka Fisi, chukua chochote, pokea mpira, chukua goli unalotaka, ila usichague kupiga, ukipiga wewe tumekwisha, wanangu watakunywa nini, usipige kaka, nakuomba."

Fisi mate yakamdondoka. "Nitapiga."

"Sawa," akasema Simba.

"Na goli lenye upepo. Na kipindi cha pili nipokee."

"Nilisema kitu kimoja, na umeshachagua. Kipindi cha pili anachagua Sungura."

"Nitapokea," akasema Mama Sungura. "Na sasa hivi pia nitapokea."

"Kwa hiyo mimi napiga vipindi vyote viwili?"

"Vyote viwili," Kasuku akawatangazia watazamaji.

Ikawa hivyo. Kila kipindi kilianza na mpira kifuani kwa sungura fulani, akipenya katikati ya miguu ya mafisi, nao wakigongana vichwa nyuma yake. Jioni watoto wa Mama Sungura walikunywa mpaka matumbo yakalia bwabwa.

Fisi akaja kinyonge kando ya kisima. "Dada, ulijuaje?"

"Nilisikia kling usiku, nikakuona, nikajua utashinda tu, basi nikafikiria utakachotaka ukishashinda."

"Simba akisikia habari ya sarafu ile atanirarua. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu mwingine."

Fisi akashusha pumzi, akageuka kwenda zake. Halafu akasimama. "Mwingine?"

Juu ya mti, Kasuku alikuwa akikohoa kusafisha koo.

"Yule tu," akasema Mama Sungura, "asubuhi, nilikuwa naogopa. Lakini mwingine simwambii, kaka, nakuahidi."