Ngao Isiyokwaruzika

Sogeeni, ngano yangu ni chungu. Semeni: "Ilete tuionje!"

Palikuwa na mtu akiitwa Mbaruku, mwoga kupindukia. Maadui walipoteka kisima cha mji wake, akaenda kwa zimwi la pangoni kuomba ushujaa.

"Ushujaa sina," zimwi likasema. "Nina ngao. Mkuki ukiipiga, wewe huumii."

Mbaruku hakuuliza anaumia nani.

Vita vya kwanza, mkuki ukapiga ngao, ko! Kisima kikarudi. Nyumbani akamkuta mama yake amekufa kando ya jiko, tundu la mkuki kifuani.

Mkewe, Mwanasiti, akaelewa. "Mume wangu, maji tumeshapata. Irudishe hiyo ngao."

Hata Mbaruku alielewa. Lakini mji mzima ulikuwa ukiimba jina lake.

Vita vya pili vilikuwa vya kupora ng'ombe wa watu. Mkuki ukapiga ngao, ko! Aliporudi, Mwanasiti alikuwa amelala mlangoni alipokuwa akimsubiri, tundu kifuani.

Vita vya tatu hata sababu haikutajwa. Mbaruku akatangulia mbele, anacheka. Mkuki ukapiga ngao, ko! Jeraha likaenda nyumbani kutafuta mtu. Likapita jikoni, likapita chumbani, likafika mlangoni, lisimkute mtu. Likarudi kwa mwenye ngao.

Wakamzika kishujaa. Ngao imeegemezwa palepale kisimani, haina hata mkwaruzo. Ngano yangu naitua hapo. Anayeitaka ngao akaichukue, ila kwanza aangalie nyumbani kwake yupo nani.