Paa Kumi na Nane, Watoto Watano

"Usihesabu paa, fuata moshi."

Bibi Tabutany alimwambia hivyo karani aliyekuja kuandikisha watu, na wajukuu zake wakacheka. Kisha wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi akaweka chini kikapu alichokuwa akisuka. Methali hii ina mama yake, akasema, na siku yake ya kuzaliwa inajulikana.

Mwaka methali hii ilipozaliwa, surua ilizuka katika mashamba ya chini, ikawa inapanda mlima kijiji kwa kijiji. Mwanasha, mtafiti kijana wa afya kutoka pwani, alitumwa kwa jamii ya Waogiek wa ukingo wa msitu wa Mau ili ahesabu watoto. Idadi atakayoleta ndiyo chanjo watakayopewa, bila hata moja ya ziada. Alipewa siku mbili.

Sokoni watu walimcheka. "Wale wa msituni? Wale ni ndege, dada. Andika sifuri, urudi zako."

Mwanasha aliudhika, akapanda. Alikuta nyumba kumi na nane, nyingi milango yake imefungwa kwa kamba. Akapita paa kwa paa kama alivyofundishwa chuoni, akapata wazee, mbwa, na watoto watano. Akaandika watano, akapiga mstari. Hakuwa amedanganya, na hilo lilimtosha.

Alipokuwa akifunga daftari, mama mmoja aitwaye Taprandich, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya mguu uliovimba, akamwita.

"Umehesabu nini, mwanangu?"

"Watoto, mama. Nimepita kila nyumba."

"Na surua nayo itapita kila nyumba? Itaambukiza nani humo, kunguni?" Taprandich akaangua kicheko, kisha akakikata. "Huu ni msimu wa asali. Nyuki hawatufuati mlangoni, sisi ndio twendao kwao, sisi na wana wetu. Tazama kule juu. Waona nini?"

Juu ya miti, uzi mwembamba wa kijivu ulikuwa ukipanda. Mbele yake mwingine. Na mwingine.

"Moshi."

"Basi mji wetu ni huo. Hapa tumeacha vyungu tu."

"Lakini mama, nimebakiwa na kesho peke yake."

"Binti yangu yuko kule. Mwandike au mwache, kalamu ni yako."

Mwanasha alifungua daftari, akafuta watano, akaazima buti za mvua.

Kesho yake jioni alimpigia simu mkubwa wake: watoto arobaini na sita.

"Arobaini na sita? Orodha yangu inasema nyumba kumi na nane, tena nyingi tupu! Hao wanakaa nyumba namba ngapi?"

"Hawana namba, bwana. Anayeleta chanjo asihesabu paa, afuate moshi."

Chanjo zilipanda kwa punda, ndani ya masanduku ya barafu. Surua ilifika wiki tatu baadaye, ikakuta chanjo zimekwisha kuitangulia.

Mtoto wa mwisho kuandikwa alikuwa msichana wa miaka minne, vidole vyake vinanata asali hata vikaacha alama kwenye daftari la mgeni. Alikuwa binti wa Taprandich. Jina lake Tabutany.

Bibi akaokota kikapu chake. Karani alikuwa bado amesimama, akitazama milango ya kijiji iliyofungwa kwa kamba.

"Usihesabu paa," Bibi akamwambia tena, "fuata moshi."

Safari hii hakuna mjukuu aliyecheka. Karani aliuliza njia ya msituni.