Gari Lililotiwa Hina

Hapo zamani, wala msinitazame hivyo, zamani yangu si ya mababu, ni ya majuzi tu, huko milimani Usambara aliishi mzee mmoja aliyeitwa Mzee Shekigenda. Mzee huyu alikuwa na gari. Si gari la kubeba mbolea, si gari la kubeba kabichi. Gari la mbio, jeupe, limelala chini kama kobe. Aliachiwa na bwana mmoja wa shamba la chai ambaye Mzee alimwendeshea gari miaka ishirini. Milango miwili, viti viwili. Viti viwili, nasema. Lishikeni hilo, maana ndilo litakalotugombanisha.

Mzee alikuwa na watoto watatu. Mkubwa ni Sufiani, fundi wa magari. Wa kati ni Mwanahawa, wa tumbo moja na Sufiani. Wa mwisho ni Hatibu, mtoto wa mke mdogo, mchoraji wa vibao vya maduka. Na nyumba hiyo hiyo ilimlea Zaina, mtoto wa shangazi yao, hodari wa kupaka hina, tena dereva wa pikapu ya mboga.

Basi Mwanahawa akaposwa, siku ya harusi ikatajwa. Mzee akawaita wote barazani.

"Macho yangu yameingia ukungu," akasema. "Sishiki tena usukani. Mwanahawa atatoka nyumbani kwangu kwa gari hili. Kiti kimoja chake. Cha pili, cha usukani, nitampa mmoja wenu, na huyo nitakayempa, ufunguo abaki nao hata harusi ikipita."

Wakatazamana. Zaina ndiye aliyesema wa kwanza.

"Mjomba, bibi harusi hatoki bila hina. Na gari nalo litiwe."

Wakacheka. Zaina akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaonyesha kwa kidole. Rimu za gari lile zilikuwa na mianya mipana, na ndani yake kilionekana chuma kikubwa kilichojaa kutu. Mafundi hukiita kalipa. Ni mkono wa breki: ukikanyaga, mkono ule unaibana diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na gari linasimama.

"Hii ndiyo mikono yake," akasema Zaina. "Tuipake rangi ya hina."

Mzee akapendezwa hadi akapiga paja. "Atakayelitia gari langu hina ikakolea, ndiye. Lakini haliendi gereji. Gari langu halilali kwa watu. Fanyeni hapa hapa uani."

Moyo wa Sufiani ukaruka. Nani mwingine anayejua breki katika nyumba hii? Alipiga jeki siku ile ile, akaweka stendi, akatoa magurudumu. Akachukua brashi ya waya, akasugua. Kutu ikaruka, vumbi jeusi likamwingia puani, akasugua. Akaosha kwa spiriti, akafuta, akaona bado, akasugua. Siku tatu. Kucha zake ziligeuka nyeusi kama za mchimba makaa. Kisha akafunika diski kwa magazeti, akabandika selotepu ya karatasi kila mahali rangi isipotakiwa kufika, akafungua kopo, akapaka.

Rangi ikachuruzika. Ilishuka kwenye chuma matone matone, kama uji uliofurika sufuria. Mkono uliozoea spana haukuzoea brashi.

Mzee akaja, akainama karibu kabisa kwa yale macho yake. Akanyanyuka, akaita, "Hatibu."

Hapo ndipo wivu ulipoingia. Kanga zinasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Sufiani hakukonda, lakini usiku hakulala. Kwa nini kila mara yeye ndiye wa kusugua, na Hatibu ndiye wa kuitwa? Alimkumbuka Hatibu akiwa mdogo, akibebwa mabegani kwa baba kwenda sokoni, na yeye Sufiani akifuata nyuma na kikapu.

Hatibu akaja na brashi zake laini. Sufiani akalazimika kuisugua upya ile rangi yake mwenyewe, chuma kikarudi kitupu. Zaina akachanganya rangi mpya, aina isiyoogopa moto wa breki, nyekundu na kidogo ya kahawia, akiulinganisha mchanganyiko na kiganja chake hadi usijue kipi kiganja, kipi kopo. Hatibu akapaka tabaka la kwanza, jembamba. Akangoja likauke. Akapaka la pili. Akangoja. Akapaka la tatu, huku akipiga mluzi.

Majirani wakapita. Wakasimama.

"Mashallah. Aliyepaka nani?"

"Hatibu."

Wakaja wengine, wanawake wa kuleta masinia ya harusi. "Aliyepaka nani?"

"Hatibu."

Akaja hata kaka yake bwana harusi, mtu mgumu wa kusifu. "Aliyepaka nani?"

"Hatibu."

Hakuna aliyeuliza aliyesugua ni nani. Sufiani alikuwa pale pale, anakunja magazeti.

Sasa sikilizeni vizuri. Ikafika siku moja kabla ya harusi, mchana. Magazeti yametolewa, magurudumu bado hayajarudishwa, watu wamekwenda kula. Sufiani alikuwa stoo anatafuta spana ya magurudumu. Kupitia dirisha akamwona Zaina anakuja na kibakuli cha mafuta ya nazi.

Nyote mnajua desturi. Hina ikishabanduliwa mkononi haiguswi na maji. Inapakwa mafuta ili ikolee. Na Zaina, ambaye kwa kuendesha hana mpinzani lakini ufundi wa ndani humwachia fundi, alikuwa akiitimiza kazi yake kama siku zote. Akachovya vidole, akazipaka kalipa zote mbili za mbele, kwa mapenzi, bila uchoyo. Mafuta yakang'aa. Mafuta yakatiririka. Yakaingia kwenye pedi, vile viganja vya kalipa vinavyobana, yakaenea kwenye diski. Nyuma hakupaka, maana nyuma breki zilikuwa za ngoma, zimefichwa, hazina mikono ya kuonekana.

Sufiani aliona yote. Alijua, kama unavyojua jina lako, kwamba breki iliyolowa mafuta haishiki. Akafungua mdomo amwite Zaina. Mara akasikia barazani sauti ya baba yake, anacheka na wageni: "Mwanangu Hatibu ana mkono wa dhahabu." Akaufunga.

Akajiambia hivi: nyumbani kwetu kuna sharti, kabla ya kuvuka geti dereva anakanyaga breki mara tatu. Baba ametufundisha hilo tangu utotoni. Hatibu atakanyaga, gari litamkatalia hapa hapa uani, mbele za watu. Atachekwa, basi. Leo na achekwe mwingine.

Akatoka. Akayarudisha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe. Akakaza nati moja moja, harufu ya nazi inampanda puani. Alikaza nati zote, akanyamaza.

Mzee akasema, "Hatibu, lizungushe kidogo, tulione." Hatibu akavaa shati jeupe, akaketi kwenye usukani. Kabla hajawasha akachungulia dirishani.

"Kaka, tayari?"

Sufiani akajibu, "Mwenye rangi ni wewe."

Mara Mwanahawa akatoka ndani, mikono ameinyanyua juu, imejaa hina mbichi hadi kwenye viwiko. "Na mimi nataka kulijaribu," akasema. "Kiti si changu?" Mtu akamfungulia mlango, akaingia. Mlango ukafungwa. Hawezi kushika kitu, hawezi kufungua kitu.

Sufiani akapiga hatua moja. Lakini wanawake walikuwa wameshapiga vigelegele, watu wanashangilia, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hatibu hakukanyaga hata mara moja. Gari likavuka geti.

Mnaujua ule mteremko? Basi mimi naujua. Unashuka hadi kwenye kona ya barabara, na ng'ambo ya kona hakuna kitu, ni bonde tupu. Hatibu akakanyaga breki, gari likapungua kidogo, halikusimama. Akakanyaga tena. Diski zikateleza kwenye ile mikono mizuri ya hina. Mwanahawa akampigia kelele, akamkamata shati.

Sufiani hakufuata njia. Alikata katikati ya mahindi, akaruka mtaro, akatokea kwenye kona mbele ya gari, mgongo ameupa bonde. "Breki ya mkono, Hatibu. Vuta ya mkono. Panda kwenye kabichi." Pale konani wakulima walikuwa wamerundika kabichi wakisubiri lori. Hatibu akavuta breki ya mkono, nyuma kukashika, akakata usukani, gari likapanda rundo, kabichi zikabingirika barabarani, gari likasimama. Pua ya gari ilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka magoti ya Sufiani.

Mwanahawa alikuwa mzima. Hatibu alikuwa mzima. Shati lake jeupe lilikuwa na viganja viwili vya hina kifuani.

Watu wakateremka mbio. Waliochelewa wakauliza, "Aliyewaokoa nani?"

"Sufiani."

"Aliyesimama mbele ya gari nani?"

"Sufiani."

Jamani, jina lake hilo. Alilingoja tangu utotoni, na lilimfikia tamu kama muwa.

Mzee akafika, ameshikwa mkono. Akauliza kimetokea nini. Zaina akachungulia gurudumu, akagusa diski, akanusa kidole. Angeweza kujifuta kwenye kanga akanyamaza. Akasema, "Mjomba, ni mimi. Nilipaka mafuta ili hina ikolee. Sikujua."

Hatibu akainamisha kichwa. "Baba, sharti lako la kukanyaga mara tatu sikulitimiza. Nilipewa vigelegele nikasahau."

Mzee akatoa ufunguo, akaunyoosha kwa mkubwa. "Chukua, mwanangu. Umeweka roho yako mbele ya gari kwa ajili ya ndugu zako. Mchukue dada yako kesho."

Sufiani akautazama ufunguo. Kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa kinaning'inia mbele ya kidevu chake. Akamtazama Mwanahawa, dada yake wa tumbo moja, hina yake yote imeharibika.

"Baba," akasema, "nilimwona Zaina akipaka. Nilikuwa dirishani. Nilijua, na magurudumu nimeyafunga mimi. Nilimwonea wivu Hatibu."

Mzee akaurudisha mkono. Hatibu akamgeukia kaka yake.

"Nilikuuliza, kaka. Nilikuuliza tayari." Akapangusa uso. "Baba, ufunguo ni wangu. Mkono wangu ndio uliotia hina, na mkono wangu ndio uliokata usukani. Mimi nilisahau tu, sikukusudia."

Zaina akasema, "Wazo ni langu na rangi ni yangu. Nimekosa kwa kutojua, tena nimesema kabla sijaulizwa. Na mteremko huu nyinyi mnauogopa, mimi naushuka kila Jumatano na pikapu imejaa karoti. Ufunguo ni wangu."

Sufiani akasema polepole, "Mimi nilijua, na hilo haliosheki kwa spiriti. Lakini kalipa zile hazijui toba, zinajua fundi. Jioni hii lazima mtu azifungue, azioshe, abadilishe pedi. Mtu huyo ni mimi, hakuna mwingine. Kesho, katika ukoo huu wote, mmoja tu atakuwa na hakika kama gari linasimama."

"Tena atakuwa yule yule aliyejua leo," akasema Hatibu.

Wakapanda hadi nyumbani, na pale barazani Mzee akauweka ufunguo juu ya sinia la hina, katikati yao. Akamgeukia binti yake. "Mwanahawa, sema wewe."

Mwanahawa akatazama viganja vyake vilivyochafuka. "Watatu wote nawapenda," akasema. "Ndiyo maana naogopa." Akaingia ndani kupakwa upya.

Ufunguo ulilala kwenye sinia hadi asubuhi. Asubuhi mmoja wao aliuchukua, na Mwanahawa akafika kwa mumewe salama. Msiniulize ni yupi. Wewe hapo nyuma, naona unataka kusema Zaina, na mwenzako anataka kusema Hatibu. Subirini. Kabla hamjajibu, kila mmoja ajikalishe kwanza katika kile kiti cha bibi harusi, mikono juu, hina mbichi hadi viwikoni, mlango umefungwa, mteremko uko mbele.

Haya. Usukani umempa nani?