Bakuli la Adesi Nyumbani kwa Msimamizi

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri kwamba, zama za kale katika nchi ya Sham, palikuwa na kiwanda cha sabuni kilicholisha nyumba nyingi za mji mmoja wa milimani. Wenye mali walikuwa ndugu wawili waliokaa mbali, na shughuli zote walimkabidhi mtu aitwaye Wardani bin Zurara, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa swala, mwaminifu wa mizani, na hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Wenye mali walimridhia hata wakafunga naye mkataba wa ujira mnono, mara nyingi zaidi ya ujira wa mpika sabuni, na wakaandika humo kwamba fungu lake halitaguswa, biashara ipande au ishuke.

Ikatokea mwaka mmoja baridi kali ikaunguza maua ya mizeituni, na mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo. Mafuta ya zeituni, ambayo ndiyo yanayopikwa kuwa sabuni, yakaadimika. Pipa kubwa la shaba la kupikia, ambalo zamani halikuwa likipoa, likawa linashinda na majivu baridi chini yake. Wenye mali wakatuma neno: ama ujira wa wafanyakazi ukatwe nusu, ama kiwanda kifungwe.

Wardani alikesha na kushinda akilifikiri jambo lile. Kukifunga kiwanda aliona ni kuwatupa waja wa Mungu, kwani hawakuwa na pa kwenda. Lakini kuhusu fungu lake mwenyewe, nafsi ilimpa nyudhuru nyingi. Ilimwambia kwamba mkataba ni mkataba, na hakuuomba yeye. Ilimwambia kwamba ana wageni wa kuwakirimu kwa niaba ya wenye mali, na kwamba bintiye yu karibu kuolewa. Hapakuwa na hata moja la uongo katika hayo, na ndiyo maana yalimtuliza.

Basi akawakusanya watu wake baada ya swala ya Adhuhuri, akawaeleza habari ya mizeituni na amri iliyokuja. Kisha akasema, "Hatafukuzwa mtu. Ila kila mmoja wetu atapokea nusu."

Neno lile "wetu" lilimponyoka tu. Alilisikia likitoka, akaliacha lipite.

Mzee Kaysani, mkongwe wa wapika sabuni, akainua mikono, akamwomba Mola ambariki Wardani na watu wa nyumba yake, kwa kuwa alikubali kubeba pamoja nao badala ya kuwafungia mlango. Wote wakaitikia amina. Wardani naye, kwa kuona haya, akaitikia.

Alirudi nyumbani akiwa na kitu kifuani asichoweza kukitaja. Mkewe, Bibi Lubaba, alikuwa amekaa ukumbini na bakuli la udongo mbele yake, limefunikwa kwa kitambaa safi. Akamweleza kwamba mke wa Kaysani alikuwa amekuja na adesi zilizopikwa, akasema amesikia kuwa nyumba ya msimamizi nayo imekatiwa ujira, na kwamba nyumba yake yeye imezoea siku za dhiki kuliko nyumba hii.

"Nimelipokea kwa mikono miwili na kumwombea dua," alisema Bibi Lubaba. "Ewe mume wangu, ni kweli tumekatiwa?"

Wardani alitazama chini. Kwenye ghala lao palikuwa na ngano ya kuwatosha hadi mavuno. "Si kweli," alisema.

Mkewe hakumkemea. Akasema, "Ukilirudisha bila neno, utamvunja moyo yule mama. Ukilirudisha na neno, basi liwe la kweli."

Hawakuligusa. Na asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri, Wardani akalibeba bakuli lile mwenyewe, akapita nalo sokoni mbele ya watu, akaingia nalo kiwandani. Akasimama mahali palepale aliposimama jana.

"Ndugu zangu," akasema, "jana mliniombea dua kwa jambo ambalo sikulifanya. Niliwakata ninyi, nafsi yangu sikuikata. Chakula hiki kilitoka kwenye nyumba yenye njaa kikaingia kwenye nyumba iliyoshiba, nami ndiye niliyenyamaza."

Hudhaili, mchochea moto, mtu mwenye watoto wengi, alikunja uso. "Na dua tuliyoiomba," akauliza, "sasa tuifanyeje?"

"Niachieni," alisema Wardani. "Leo naihitaji kuliko jana."

Kisha akawaambia kwamba tangu siku ile atapokea sawasawa na mpika sabuni, nusu kama wao, na kwamba ngano yake ya ziada itagawiwa wenye watoto wadogo. Hudhaili hakusema amesamehe. Alimnyooshea mwiko mkubwa wa kukorogea. Wardani akavua joho lake, akaushika, akakoroga mpaka viganja vyake vikatoka malengelenge. Adhuhuri ilipofika, Mzee Kaysani akalifunua bakuli, wakala wote, na Wardani akala nao.

Kipupwe kile kilikuwa kizito. Binti yake aliolewa kwa mkate na zeituni, na walioimba harusini walikuwa wapika sabuni na wake zao. Kiwanda cha jirani, chenye akiba ya mafuta ya zamani, kiliwaita mafundi kwa ujira bora, wala hakuondoka hata mmoja. Hudhaili ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba hapa anajua anafanya kazi na nani.

Mwaka wa tatu maua ya mizeituni yakashika. Wenye mali walipokuja na kuyasikia yaliyopita, walitaka kumlipa Wardani yote aliyoyaacha. Akawaomba waanze na wafanyakazi, na mkataba wake uandikwe upya, fungu lake lipande na kushuka pamoja na mafungu yao. Wakakubali.

Wamesema waliomjua kwamba hakuacha kumshukuru Mola wake kwa siku ile hadi alipofariki. Alikuwa akisema katika sijda yake, "Alhamdulillahi, ambaye aliniaibisha kwa wema wa watu, wala hakuniacha niaibike kwa ubaya wangu."

Enyi wenye kuamini, lawama humfanya mtu ajitetee, na Wardani alikuwa na utetezi wa kutosha. Aliyemwokoa ni mwanamke mwenye njaa aliyemdhania kheri. Basi mwenye kupewa uongozi juu ya watu na aangalie wanavyomdhania, akimbilie kuwa hivyo kabla jua halijachwa, na amshukuru Mungu kwamba wapo bado wanaomdhania vyema.