Kitabu Kilichofungia Karanga

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, zamani za karibu tu, palikuwa na msichana aitwaye Nyamizi. Yeye na dada yake Kabula walilelewa katika kundi la dini la Walinzi wa Nuru. Humo hakuna aliyesoma chochote ila maneno ya Kiongozi. Hata sabuni ilivuliwa karatasi mlangoni, isije ikasomwa. Siku moja Kiongozi akaamuru vitabu vilivyofichwa vichomwe. Nyamizi alikuwa nacho kimoja, cha hadithi, alichopewa shuleni, hajafika hata katikati. Kikatupwa motoni, naye akakimbia asione.

Alipokua, Nyamizi akatoka kundini, ila hofu ikatoka naye. Kila akifungua kitabu, alimsikia Kiongozi akikohoa nyuma yake. Alikifunga upesi.

Akaolewa, akapata mimba, na mimba ikataka karanga. Sokoni palikuwa na muuza karanga aitwaye Sikujua, aliyezifungia kwenye kurasa za vitabu vikuukuu. Nyamizi akanunua, akamimina karanga kiganjani. Kabla hajaitupa karatasi, jicho likaanguka hapa: "Binti akatia mkono kisimani, na mkono mwingine ukamshika." Ukurasa ukaishia hapo.

Nyamizi akarudi mbio na tumbo lake.

"Vipi shoga, karanga zimeungua?"

"Karanga nzuri. Nani kamshika mkono?"

"Nani kashikwa tena, mama wee?"

Alipooneshwa karatasi, Sikujua alicheka hadi akaketi. Akatoa kitabu chini ya ungo, kimeungua pembeni, jalada na kurasa za mwanzo hazipo. Nyamizi akakumbuka kile chake, lakini vitabu vilivyoungua alijua ni vingi.

"Nikikupa chote hutarudi," Sikujua akasema. "Nunua karanga!"

Tangu hapo wateja wengine walifungiwa magazeti. Kurasa zile alimwekea Nyamizi peke yake, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

Lakini nyumbani, kila akikunjua ukurasa, kikohozi cha Kiongozi kilirudi. Jirani yake, Bi Mashavu, akamkuta analia, karatasi mkononi.

"Nisomee, mwanangu. Miwani yangu imevunjika."

"Naogopa, bibi. Ni dhambi."

"Dhambi niachie mimi nibebe. Wewe beba mimba."

Basi akasoma. Kila jioni akasoma, na kila jioni miwani ilikuwa nzima, imefungwa kwenye pindo la khanga ya Bi Mashavu. Siku moja walicheka hadithi mpaka mboga ikaungua. Ndipo Nyamizi alipogundua kuwa kile kikohozi hakikuja.

Akajifungua binti. Akasema, "Mwanangu ataitwa jina la aliyenirudishia raha ya kusoma."

Siku ya kumtoa mtoto nje, Sikujua alikuja na karanga, Bi Mashavu akaja na miwani yake machoni, bila haya. Mara akaingia Kabula, ambaye alikuwa hajasema na Nyamizi tangu huyo mdogo wake atoke kundini. Akafungua kiganja: kovu la moto.

"Kitabu chako nilikitoa motoni, nikakificha kwenye debe la pumba. Miezi iliyopita Walinzi wakaanza kupekua nyumba. Nikaogopa, nikampa muuza karanga. Wakijua nimekuja hapa, sina pa kurudi. Nimesikia ahadi yako: mpe mtoto jina langu, mdogo wangu."

"Ni yeye kweli aliyekileta!" Sikujua akasema. "Lakini dada, ulileta cha kufungia karanga. Mimi ndiye niliyemtunzia kurasa. Ningekuwa mvivu, mwisho wa hadithi ungefungia karanga za mlevi."

"Kurasa alikuwa nazo, akazililia!" Bi Mashavu akadakia. "Nani alibeba dhambi? Mgongo wangu huu!"

Nyamizi akampakata mwanawe, akawatazama wote watatu. Wote aliwapenda. Mtoto akapiga chafya, asimchague mtu.

Nami hapo nanyamaza. Nijibuni kwanza, ndipo niwaambie ni nani aliyemshika binti mkono kisimani. Aliyekitoa kitabu motoni, aliyezitunza kurasa, na aliyeibeba dhambi: je, mtoto apewe jina la nani?